Bunduki ya kwanza ya kujipakia: ushauri wangu kwa Mnairobi anayeanza

Mtu anayenijia kutaka ushauri wa bunduki ya kwanza ya kujipakia, ile inayojitilia risasi nyingine kila ukipiga, huja na jina la bunduki tayari kichwani. Ameiona kwenye video, au binamu aliyerudi kutoka Marekani amemsimulia. Kabla hatujalijadili jina hilo mimi humwuliza mambo mawili: utaipigia wapi, na utailisha risasi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua bunduki. Kaliba, yaani upana wa risasi, hutangulia, chuma hufuata.

Ninafundisha wanaoanza kulenga shabaha, wikendi, viungani mwa Nairobi. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa ofisi: wahasibu, madaktari, mafundi wa kompyuta, na akina mama wenye biashara zao Eastleigh na Gikomba ambao wameshapewa kibali cha bastola na sasa wanataka mchezo wa kutuliza akili. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wao, isipokuwa hapa sikatizwi na milio.

Wengi hutaja kuwinda. Hapa Kenya hilo halipo. Serikali ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata biashara ya ngozi, pembe na nyara nyingine ikafungwa. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuufungua tena mlango huo. Ngiri akifukua viazi vya shamba lako Laikipia, wa kumwita ni KWS, shirika la wanyamapori, na bunduki yako ibaki kabatini. Kwa hivyo ukiishi Nairobi bunduki yako ya kwanza ni ya shabaha, na uwindaji ni safari ya nchi nyingine. Nitaufikia huko mbele, lakini usiuruhusu ukuchagulie bunduki leo.

Karatasi kabla ya pesa

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikupi haki ya kuwa na bunduki. Unaomba, Bodi ya Leseni za Silaha inakupima, na ukikubaliwa unapewa cheti kinachotaja bunduki yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Jiandae kwa cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya upelelezi, ripoti ya daktari kuhusu afya ya akili, ushahidi kwamba umefundishwa, na sababu inayoeleweka. Mwishoni mwa 2018 Bodi iliwaita hata waliokuwa na vyeti vya miaka mingi wakahakikiwe upya, kwa hivyo usidhani kwamba ukishapita mlango huo umemaliza. Weka kila karatasi mahali pamoja, na usingoje siku ya mwisho kuhuisha cheti.

Bunduki ya kujipakia huangaliwa kwa jicho kali, na ni haki iangaliwe hivyo. Sheria inazitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, pamoja na nyingine za namna hiyo, na adhabu ya kukutwa nazo bila idhini ni kifungo cha maisha. Ndiyo maana ninasisitiza: taja kaliba na modeli kwenye ombi lako, pata jibu kwa maandishi, ndipo utoe shilingi. Muuzaji mwenye leseni hataona vibaya ukimwambia unasubiri jibu. Atakayekuharakisha, au kukwambia kuna jamaa wa mpakani mwenye bei nzuri, mwache papo hapo na usirudi.

Hali hii haiko Kenya peke yake. Uingereza iliziondoa mikononi mwa raia bunduki za kujipakia mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford, lakini ikaziacha zile za kaliba .22 zenye risasi ya ukingo, yaani ile ambayo pini hupiga ukingo wa ganda badala ya katikati. New Zealand ilipobana mwaka 2019, baada ya mauaji ya Christchurch, nayo iliziacha .22 zenye magazini, yaani kisanduku cha risasi, ya risasi kumi au chini. Watunga sheria wa mbali kule walifika mahali ambapo mimi hufika nikiwa na mwanafunzi mpya: .22 ni kitu kingine.

Kwa nini .22

Risasi ya .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa 1887, na hadi leo wapiga shabaha wa dunia nzima huanza nayo. Kichwa chake cha risasi kina gramu 2.6 hivi. Hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 320 hadi 380 kwa sekunde, ikitegemea aina. Teke lake begani ni dogo kiasi kwamba mtoto wa miaka kumi, akisimamiwa vizuri, hatashtuka. Na hilo la kutoshtuka ndilo kiini cha mambo yote. Anayeanza na kaliba kubwa hufundishwa na bega lake kuogopa: hufumba macho, huvuta triga kwa kushtukia, husukuma bega mbele kabla ya mlio. Kumwondolea mtu woga huo huchukua muda mrefu kuliko kumfundisha mgeni kabisa.

Bei ya risasi nayo ni mwalimu. Kati ya .22 na .308, kaliba kubwa ya kuwindia, tofauti ya gharama ni kubwa mno: anayemiliki .308 peke yake hupiga risasi chache akarudi nyumbani, wa .22 hupiga asubuhi nzima. Anayepiga asubuhi nzima ndiye anayejifunza.

Lakini usiidharau kwa udogo wake. Risasi hiyo ikiruka bila kizuizi inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Ukisimama Kencom, Uhuru Park iko ndani ya uwezo wake. Inaua mtu. Haipigwi nyuma ya nyumba, haipigwi shambani kwa mjomba kwa kuwa eti ni porini, haipigiwi maji wala mwamba. Inapigiwa kwenye uwanja wenye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha, basi. Karibu na Nairobi tuna Kirigiti kule Kiambu, na Stoni Athi ukipita Mlolongo kwa wale wanaopenda masafa marefu. Jiunge na klabu kabla ya kumiliki chochote. Utapiga kwa bunduki za klabu, utaona zipi zinakukaa, na utapata watu wanaoweza kukutolea ushuhuda kwamba una nidhamu.

Kujipakia maana yake nini mkononi

Ukivuta triga, risasi hulipuka, na nguvu ya mlipuko huo huirudisha nyuma boliti, kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu. Ikirudi hutupa ganda tupu. Springi ikiisukuma mbele huokota risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba, yaani mwanzo wa mtutu, inapokaa risasi kabla ya kupigwa. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Kila mvuto wa triga hutoa risasi moja, si zaidi. Kwenye .22 mtambo huu ni mwepesi: boliti nzito na springi, basi. Kwenye kaliba kubwa mara nyingi hutumika mfumo wa gesi, nao una vipande vingi vya kusafisha na kuharibika.

Faida kwa anayeanza ni kwamba shavu halitoki kwenye kitako na mkono hautoki kwenye mshiko. Unabaki umetulia, unaona shimo lilipoingia, unapumua, unapiga tena. Mwenye bunduki ya boliti ya mkono hujivuruga kila risasi mpaka azoee.

Hatari yake nayo ni hiyohiyo. Baada ya mlio, bunduki imeshajaa tena. Hujafanya lolote, na imejaa. Mtu anayegeuka kumwambia mwenzake “umeona?” amegeuka na bunduki iliyo tayari kuua. Hapa ndipo ninapopaza sauti, na siombi radhi kwa hilo. Mtutu hubaki umeelekea shabaha hadi nitakaposema vinginevyo, na kidole hukaa nje ya kinga ya triga, kimelala ubavuni mwa bunduki, mpaka jicho liwe kwenye shabaha.

Kuitoa risasi kuna mpangilio wake, na mpangilio huo haubadilishwi. Magazini hutoka kwanza. Kisha boliti huvutwa nyuma, risasi iliyo chemba iruke nje. Kisha boliti hushikiliwa wazi, unaangalia chemba kwa jicho, unaigusa kwa kidole kidogo. Kisha unaangalia tena. Anayevuta boliti kabla ya kutoa magazini anapakia risasi nyingine akidhani ameiondoa, na hiyo ndiyo bunduki “tupu” inayotajwa kwenye habari za misiba. Anayetoa magazini akaridhika ameacha risasi moja ndani. Fanya mpangilio huo hadi mikono iufanye yenyewe usiku wa giza.

Kuna walimu ninaowaheshimu wanaosema anayeanza asiguse ya kujipakia kabisa, aanze na ya boliti. Nimewasikiliza, na wana hoja: aliye na risasi kumi mkononi huwa mwepesi wa kuzimwaga. Njia yangu ni nyingine. Mwezi wa kwanza mwanafunzi wangu hutia risasi moja tu kwenye magazini. Anapiga, anaiondoa bunduki begani, anaikagua, anatia nyingine. Akishatulia tunatia mbili, na mimi ndiye ninayejaza: mara nyingine kati ya risasi za kweli naweka moja bandia ya plastiki bila kumwambia. Triga ikivutwa na mlio usije, mtutu wake hunionyesha kila kitu. Ukichovya chini, tunajua anaogopa. Ukitulia kama ulivyokuwa, yuko tayari kwa kumi.

Ikukae mwilini

Hapa ndipo wanunuzi wanapopuuza, na hapa ndipo pesa hupotea. Bunduki nyingi hutengenezewa mwanamume mrefu wa Ulaya au Marekani aliyevaa koti zito. Mwanamke wa futi tano na inchi mbili akiishika huinyosha shingo kama anachungulia ukuta wa jirani, mgongo hupinda nyuma, na mikono huanza kutetemeka kabla hajapiga risasi ya tano. Si udhaifu wake. Kitako ni kirefu mno.

Pima hivi, bunduki ikiwa tupu na umeihakikisha. Kunja mkono wa kulia, mkono wa mbele ukielekea juu, weka mwisho wa kitako ndani ya mkunjo wa kiwiko. Kidole cha shahada kinapaswa kufika kwenye triga bila kujinyoosha. Kitako cha kawaida huwa na sentimita 34 hivi kutoka triga hadi mwisho. Kwa wengi wetu 32 ni bora. Kisha fumba macho, inua bunduki begani mpaka ikae kwa raha, laza shavu, fumbua. Kama unauona mstari wa vilengeo bila kusogeza kichwa, bunduki hiyo ni yako. Kama ni lazima uinue kidevu au kukibana, hiyo si yako hata kama ni nzuri na bei imeshuka.

Jicho nalo lipimwe. Nyoosha mikono yote miwili mbele, tengeneza kitundu kidogo kati ya viganja, tazama saa ya ukutani kupitia kitundu hicho macho yote yakiwa wazi, kisha fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki na saa ndilo linalotawala. Ukiwa na mkono wa kulia na jicho la kushoto, mwambie mwalimu siku ya kwanza; afadhali kujifunza kupigia bega la kushoto mapema kuliko kupigana na jicho lako maisha yote. Wa mkono wa kushoto wajue kwamba bunduki nyingi hutupa maganda kulia, yaani mbele ya uso wao. Miwani ya kinga si hiari kwa mtu yeyote, na kwao ni zaidi.

Uzito: kilo mbili na robo hadi tatu. Nyepesi kuliko hapo hucheza mkononi, nzito kuliko hapo huchosha anayepiga akiwa amesimama.

Zile ninazozipendekeza

Ruger 10/22 iko sokoni tangu 1964, na ndiyo ya kwanza ninayoitaja. Magazini yake ya risasi kumi ni ya kuzunguka, huingia tumboni mwa bunduki bila kuchomoza, na ni imara. Vipuri vyake hupatikana kirahisi kuliko vya nyingine zote, kwa sababu mamilioni yameuzwa. Kuna toleo fupi liitwalo Compact ambalo kitako chake kina takriban sentimita 32. Wanawake na vijana hulifurahia. Ina kasoro moja ninayowaonya wanafunzi: ya kawaida haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Boliti hujifunga kwenye chemba tupu, na kwa kuangalia tu huwezi kujua kama imeisha au la. Kwa hivyo ichukulie imejaa hadi uifungue.

Marlin 60, ya mwaka 1960, ni sahihi sana na ilikuwa rahisi kununua, ila risasi zake hukaa kwenye bomba refu chini ya mtutu. Mimi siipendi kwa anayeanza. Magazini inayotoka naiona mezani nikiwa hatua kumi. Bomba silioni ndani. Savage 64 ina magazini inayotoka, na hutengenezwa pia kwa wa mkono wa kushoto. CZ 512 ya Czech ina mbao za kupendeza, na gharama yake inafuata.

Halafu kuna zile .22 zilizoundwa zifanane na bunduki za jeshi, kama Smith & Wesson M&P 15-22. Ni bunduki nzuri, nyepesi, kitako kinarefushwa na kufupishwa. Kwa Nairobi siipendekezi. Askari wa kizuizi cha barabarani saa mbili usiku hatasoma kaliba kabla ya kushtuka, na hata afisa anayelipitia ombi lako ana haki ya kuuliza kwa nini umeichagua hiyo. Chagua yenye kitako cha mbao au plastiki ya kawaida, inayoonekana ni ya michezo.

Iliyotumika si mbaya, kama inapitia kwa muuzaji mwenye leseni na nambari yake imethibitishwa. Ihakikishe iko tupu, fungua boliti, weka karatasi nyeupe mbele ya chemba ikamate mwanga, tazama ndani ya mtutu kutoka mbele. Michirizi ya ndani iwe mikali na inang'aa; madoadoa meusi ni kutu. Kagua mdomo wa mtutu: ukiwa umegongwa hata kidogo, risasi zitatawanyika na hutajua kwa nini. Angalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa na bisibisi, aliyekuwa nayo alikuwa mtu wa kufungua bila kujua.

Risasi na darubini

Kila bunduki ina risasi inayoipenda. Nunua paketi ndogo za aina tatu nne, zipige zote siku moja kutoka juu ya mfuko wa mchanga kwa mita 50, uone ipi hukusanya mashimo pamoja. Kumbuka kwamba .22 ya kujipakia huhitaji nguvu ya kutosha kuirudisha boliti. Zile za polepole sana, zilizotengenezwa zisipige kelele, huiacha ikikwama. CCI Mini-Mag, yenye mita 376 kwa sekunde, huendesha karibu kila bunduki. CCI Standard, yenye mita 326 hivi, ni tulivu zaidi na mara nyingi sahihi zaidi, ila ijaribu kwanza kwenye bunduki yako.

Mlio ukiwa dhaifu kuliko kawaida, simama. Kichwa cha risasi huenda kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata itaupasua. Triga ikivutwa kusiwe na mlio wowote, mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu polepole hadi thelathini, ndipo ufungue. Usivute triga ya .22 bila risasi kwa mazoezi ya nyumbani mpaka usome kijitabu cha mtengenezaji. Kwenye baadhi, pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Anza na vilengeo vya chuma. Vitakufundisha kushika vizuri, na baadaye darubini itakuwa zawadi. Ukiinunua, ya mara nne inatosha, na chagua iliyotengenezewa .22 hasa, kwani hizo hurekebishwa kwa umbali wa kama mita 45. Za kaliba kubwa hurekebishwa kwa mbali zaidi, na kwenye mita 50 picha huhama ukisogeza jicho. Ukishailinganisha kwa mita 50, tarajia risasi ya kawaida ishuke sentimita kumi na tano hadi ishirini kwa mita 100. Ukiilinganisha Nairobi, juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kisha ukaenda kupiga Mombasa, hewa nzito ya Pwani itaishusha kidogo zaidi. Kule Stoni Athi upepo wa mchana utakusumbua kuliko hayo yote. Fika mapema.

Kwa anayetaka kuwinda

Uganda iliruhusu tena uwindaji wa kulipia kuanzia eneo la Ziwa Mburo mwaka 2001. Tanzania na Afrika Kusini zina vitalu na mashamba yake. Nenda huko na kibali chako, na mwindaji mwenyeji mwenye leseni. Lakini .22 yako iache nyumbani. Ni ya ndege na sungura pale inaporuhusiwa. Ukimpigia swala, ataondoka na jeraha akafe mahali usipomwona, na hilo ni dhambi dhidi ya mnyama.

Bunduki za kujipakia za kaliba kubwa za kuwindia zipo. Browning BAR ya kuwindia imekuwa sokoni tangu 1967 na wawindaji wa nguruwe mwitu Ulaya wanaipenda. Hata kule, Mkataba wa Bern, wa kulinda wanyamapori wa Ulaya, hauruhusu magazini ya risasi zaidi ya mbili kwa bunduki ya namna hiyo, na kila nchi ina masharti yake juu ya hayo. Uliza kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Kwa safari ya kwanza mimi husema: kodi ya boliti ya mwenyeji, .308 kwa swala wa kawaida, na nyati mwachie mwenye .375 na uzoefu. Hupungukiwi na kitu kwa kupiga bunduki ya kukodi. Utaepuka pia makaratasi ya kuivusha bunduki mipaka miwili. Uliyojifunza kwa .22, kupumua, kubana triga polepole, kutokurupuka, yote utayabeba, na mpakani hakuna atakayekudai kodi yake.

Nyumbani

Kabati la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, risasi kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo mwingine. Ufunguo usikae kwenye droo ya kitanda. Watoto wanaijua droo hiyo kuliko wewe. Dada wa kazi, shamba boi, shemeji aliyekuja kwa wiki mbili akakaa mwezi: hakuna anayehitaji kujua kabati lina nini. Ikipotea au kuibwa, nenda kituo cha polisi saa hiyohiyo.

Barabarani hubebwa ikiwa tupu, ndani ya kasha lililofungwa, kwenye buti la gari, cheti mfukoni. Si kwenye matatu, si kwenye bodaboda. Ukitoka uwanjani nenda moja kwa moja nyumbani. Ukitaka nyama choma, irudishe kwanza.

Vaa viziba masikio hata kwa .22, kwani mlio wake hukaribia desibeli 140 na masikio hayarudi. Nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, kwa sababu risasi hizi ni za madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, hasa kama una mtoto mchanga.

Usafi wa bunduki hutegemea mahali unapopiga. Vumbi la Athi likikutana na mafuta mengi huwa ugali mweusi ndani ya mtambo, na malalamiko mengi ya “bunduki inakwama” ninayoletewa ni hayo tu. Tone moja kwenye njia ya boliti linatosha, mengine yafute. Julai, wakati wa baridi na manyunyu, geuza kanuni: pangusa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta kila urudipo, na usiihifadhi ndani ya kasha la sponji, maana sponji hushika unyevu na kutu huanza upande usiouona. Mtutu wa .22 hauhitaji kusuguliwa kwa waya kila wiki. Pitisha kamba ya kusafishia kutoka chemba kuelekea mdomoni, mara mbili tatu, usiirudishe kinyumenyume, halafu safisha uso wa boliti na ndoano inayotoa maganda kwa mswaki wa zamani. Magazini ifungue mara chache, ipangusie ndani ikiwa kavu, bila mafuta kabisa.